Msimuue huyo mbwa wa Makambako, hajafundishwa tu

Ndugu Mhariri,

Salamu kutoka huku Mufindi, baridi ya mwezi wa saba imetukamata kweli kweli na hii naiandika nikiwa jikoni karibu na moto, simu mkononi, mjukuu ndo atanisaidia kuituma. Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua kwa sababu ile barua ya yule ndugu wa Makambako imenikaa moyoni. Yule aliyesema mbwa wake wa miezi minane kaingia jikoni kwa jirani usiku kaua simbilisi tisa, akauliza afanyeje, na wiki hii nasoma majibu karibu wote wanasema muue, mpe sumu, mbwa akishaonja damu hafai tena. Jamani. Huo ushauri mimi nilishawahi kuufuata na mpaka leo naujutia.

Kwa wasomaji wa Pwani ambao hawawajui, simbilisi ni wale wanyama wadogo wanene wasio na mkia, wengine wanawaita pimbi ingawa pimbi mwenyewe hasa ni yule anayekaa kwenye mawe porini. Asili yao ni milima ya Andes huko Amerika ya Kusini lakini huku kwetu Iringa, Njombe mpaka Mbeya wamekuwa wa nyumbani kabisa, wanalala jikoni karibu na mafiga wapate joto, wanakula majani na maganda ya ndizi na mabua mabichi, na mara nyingi ni mali ya watoto au ya mama, wakiuzwa wawili watatu daftari linapatikana. Mimba yao ni miezi miwili na siku kadhaa, kitoto kinatoka na manyoya yake na macho wazi, siku hiyo hiyo kinakimbia. Sasa hapo kwenye kukimbia ndo shida ilipo. Simbilisi akishtuka analia wiii wiii, wote wanatawanyika kila upande kwenye sakafu, na kwa mbwa kijana wa kuwinda ambaye hajawahi kuwaona hakuna kitu kitamu duniani kama hicho, hajui kama hiyo ni mali ya mtu, yeye anaona panya wakubwa wanakimbia na damu yake inamwambia kamata.

Mwaka 1998 nilipewa mbwa na mjomba wangu wa Kalenga, nikamwita Simba. Nilimtaka kwa ajili ya panya wa ghalani na fuko wanaonimaliza viazi, na pia kufukuza tumbili wanaoshuka kwenye mahindi. Nikamlea kama tulivyoona wazee wakifanya, nikamfunga nyuma ya nyumba peke yake tangu mdogo, asizoeane na mtu wala kuku wala chochote, eti ili awe mkali. Akawa mkali kweli. Akiwa na miezi saba kamba ikakatika usiku, asubuhi mke wangu anafungua jiko anakuta simbilisi kumi na mmoja wamelala chini, hakula hata mmoja, kawaua tu na yeye mwenyewe kajilaza pale katikati anatikisa mkia, anatuangalia kama mtu aliyemaliza kazi aliyotumwa. Nilimchapa sana. Nikafanya na ile nyingine ambayo watu wote huku wanaijua, kumfunga mzoga shingoni mpaka uoze, ati atachukia harufu. Ndugu zangu hiyo kitu haifanyi kazi, mbwa haunganishi mzoga wa leo na alichofanya jana, alichojifunza Simba ni kwamba mimi ni mtu wa kuogopwa basi. Ikawa nikishika fimbo hata ya kuchungia anajikojolea. Miezi miwili baadaye binti yangu alipita karibu naye ameshika ufagio, akamng'ata mkono. Basi watu wakasema umeona, nikawaita vijana wawili wakamalize, na siku ile nilivyomwita jina lake alikuja. Alikuja mkia chini lakini alikuja. Sitaki kuandika zaidi hapo.

Miaka kadhaa baadaye nikapata kazi ya bustani kwenye nyumba ya meneja mmoja wa mashamba ya chai, Mwingereza, mtu mzima aliyekulia kijijini kwao huko, na alikuwa anapenda sana habari za mbwa. Jioni moja nikamsimulia habari za Simba, akakaa kimya muda halafu akaniambia kwao wana uwindaji mmoja ambao mbwa akikosea mara moja tu kazi yote imeharibika. Wanafuga mnyama anaitwa fereti, mrefu mwembamba kama soksi, uzito kilo moja hivi, dume linaweza kufika mbili, wamefugwa na binadamu zaidi ya miaka 2,000. Ukitaka kumwelewa fikiria kicheche wetu, ni ukoo mmoja, na nyegere na fisi maji nao wamo humo humo. Sungura wa kule wanachimba mashimo na kuishi ukoo mzima chini ya ardhi, sio kama sungura wetu wa porini ambaye analala juu kwenye nyasi, kwa hiyo mwindaji anaziba matundu kwa nyavu, anamwingiza fereti shimoni, sungura wakisikia harufu yake wanatoka mbio wanaingia kwenye nyavu, na akiponyoka mmoja ndo mbwa anamkimbiza.

Sasa fikirieni huyo mbwa. Amesimama juu ya shimo anatetemeka kwa hamu, kitu chochote chenye manyoya kikichomoza anatakiwa ajue kwa sekunde moja huyu ni sungura wa kukamata au ni fereti mwenzake wa kazi. Akikosea amemuua mnyama ambaye bosi wake amemlea na kumfundisha. Ndo maana wengi wanapenda fereti weupe, anaonekana haraka akitokeza kwenye majani, hata mwenye mbwa hamchanganyi. Na fereti saa nyingine anabaki huko chini amemng'ang'ania sungura hatoki, siku hizi wanamvalisha shingoni kidude cha redio kinachotoa mawimbi, unamtafuta kwa mashine juu ya ardhi halafu unachimba na koleo, na muda wote huo mbwa anatakiwa akae ametulia, asichimbe wala asibweke.

Nikamuuliza, sasa mbwa anajuaje. Akasema anajua kwa sababu alikua nao. Mbwa mtoto anapelekwa kwenye banda la fereti akiwa bado mdogo kabisa, kila siku, anawanusa kwenye waya, anaona wanapewa chakula, anasikia sauti zao mpaka wanakuwa kitu cha kawaida kama ndoo au kama mti. Baadaye anashikiliwa kwa kamba na fereti anashikwa mkononi, mtu mzima mtulivu, sio fereti mwenye hasira wala mwenye watoto. Mara nyingi fereti anamng'ata pua mara moja, fereti ana meno makali kama sindano, na kijibwa kinapiga kelele kinarudi nyuma, lakini hapo yule bwana alinisisitizia kitu ambacho sikukitegemea, akasema usifurahie hiyo ng'ata wala usiitafute, kuna mbwa itamfundisha heshima na kuna mbwa itamfundisha kisasi, na huwezi kujua wako ni yupi mpaka umeshachelewa. Bora wasing'atane kabisa. Na akasema hata baada ya mwaka mzima wa urafiki hawaachi fereti na mbwa peke yao bila mtu.

Haya maneno nilitembea nayo njia nzima kurudi nyumbani. Nikajiona, miezi saba namfunga Simba nyuma ya nyumba hajawahi hata kuona simbilisi mchana, halafu nampiga kwa kutojua.

Mbwa wa pili nilimpata 2009, jike, nikampa jina la Tausi. Nilimchukua akiwa na wiki nane, na hili naomba mnaosoma mlishike kwa sababu ndo msingi wa yote: wataalamu wa mifugo wanasema kuanzia wiki ya 3 mpaka ya 12 hivi, wengine wanasema 14, akili ya mbwa mtoto iko wazi, kile anachokutana nacho kipindi hicho kwa utulivu anakihesabu kuwa sehemu ya nyumbani, na baada ya hapo mlango unaanza kujifunga taratibu. Haufungi ghafla lakini kazi inakuwa mara tatu. Samaki mkunje angali mbichi, wazee walishasema, ila sisi kwa mbwa tunasubiri mpaka akauke ndo tunaanza kumkunja kwa fimbo.

Siku tatu za kwanza sikumwonyesha simbilisi hata mmoja. Nilichukua kipande cha gunia walichokuwa wanalalia nikakiweka mahali anapolala yeye, azoee harufu akiwa amepumzika. Siku ya nne jioni, ameshakula ameshiba, ameshacheza na watoto mpaka amechoka (hii muhimu sana, usimpeleke mbwa mwenye njaa wala mwenye nguvu za asubuhi), nikamweka simbilisi mmoja mzee jike ndani ya tenga la kuku, nikaliweka sakafuni upande wa pili wa jiko, mimi nikakaa kwenye kigoda na Tausi kwenye kamba fupi miguuni. Akaona. Mwili wote ukakaza, masikio mbele, mkia ukasimama kama kijiti hautikisiki, na ule mguu mmoja wa mbele ukanyanyuka. Ukiona hivyo ujue kichwani ameshaanza kuwinda. Sikumpigia kelele wala sikuvuta kamba, nilisubiri tu. Labda dakika mbili. Simbilisi naye ndani ya tenga anatafuna jani la kabeji hana habari. Halafu Tausi akapumua, akageuza kichwa akaniangalia mimi, na sekunde ile ile nikampa dagaa mmoja mdomoni nikamwambia vizuri. Ni hicho tu nilichokuwa nakitafuta, kugeuza kichwa. Kila akimwangalia simbilisi halafu akaniangalia mimi anapata dagaa. Tukafanya dakika kumi tukaacha, kesho tena, keshokutwa tena.

Wiki ya pili nikasogeza tenga. Wiki ya tatu nikampakata simbilisi mapajani, Tausi yuko kwenye kamba mke wangu ameishika, akanusa mgongo wake, akataka kuweka mguu juu yake kama anavyotaka kucheza na mbwa mwenzake, nikamwambia acha kwa sauti ya kawaida nikamgeuza. Kitu pekee kilichoharibika ni siku mwanangu mdogo alipoingia mbio jikoni akapiga kelele, simbilisi wote wakatawanyika na Tausi akaruka, bahati kamba ilikuwa imefungwa kwenye mguu wa meza. Nilirudi nyuma wiki nzima nikaanza upya na tenga, na watoto nikawaambia jikoni hakuna kukimbia mpaka niseme. Sikumchapa. Amefanya kitu gani cha kuchapwa, amefanya kazi ya babu zake.

Wakati huo huo nilikuwa namfundisha panya ghalani, maana kuna watu wanasema ukimzoesha simbilisi atakuwa mpole hatakamata kitu. Sio kweli. Ghalani neno lilikuwa kamata, jikoni neno lilikuwa acha, sehemu mbili tofauti na harufu mbili tofauti, na mbwa ana pua ya kutofautisha panya na simbilisi vizuri kuliko macho yangu mimi. Tausi alikuwa anaingia ghalani anatoka na panya watano sita kwa asubuhi moja, halafu mchana wa baridi anaenda kujilaza jikoni na simbilisi wanalala wamejiegemeza kwenye tumbo lake. Hilo nimeliona kwa macho yangu miaka yote aliyoishi. Ila usiku jiko nilikuwa nalifunga kwa komeo, kila siku bila kukosa, kama yule bwana alivyosema kuhusu fereti wao.

Na kwa sababu ya Tausi sikununua sumu ya panya tena. Mbwa akila panya aliyekula sumu anaweza kufa naye, anavuja damu kwa ndani taratibu wewe unafikiri ni minyoo. Wanaosema mpe mbwa sumu wajue pia sumu haichagui, itaokotwa na kuku, itaokotwa na mbwa wa mtu mwingine, mtoto atashika.

Kama kuna mtu anadhani haya ya kuzoesha mnyama mapema ni mambo ya Wazungu peke yao, tuna mfano hapo Morogoro. Pale SUA, Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, kuna shirika la APOPO linafundisha panya buku kunusa mabomu ya ardhini na kifua kikuu kwenye makohozi, na wanaanza na vitoto vya wiki chache tu macho yamefunguka juzi, wanavishika mkononi, wanavibeba, wanaviacha visikie sauti na kukanyaga nyasi na sakafu, ili visije kuogopa dunia. Ndo baadaye vinafundishwa kazi, kwa kupewa kitu kitamu kila vikipatia. Mmoja wao aliitwa Magawa, alipelekwa Kambodia na 2020 akapewa medali ya dhahabu na shirika la Uingereza kwa mabomu aliyoyagundua. Huyo ni panya, panya buku ambaye sisi tukimuona tunamrushia jiwe. Itakuwaje mbwa ambaye toka zamani anaishi kwa kutusikiliza sisi.

Nisisahau chanjo. Mbwa anayekamata kamata wanyama ndo wa kwanza kukutana na kichaa cha mbwa, anaweza kung'atwa na kicheche au nguchiro mgonjwa huko shambani wewe hujui. Achanjwe akifika miezi mitatu na irudiwe kila mwaka, siku za kampeni zikitangazwa kijijini mpeleke, na mtu aking'atwa aoshe kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 halafu aende hospitali siku hiyo hiyo, asisubiri kuona mbwa atakuwaje. Lingine, ninaposema kuwinda nasema panya na fuko kwenye shamba lako. Kuingia msituni na mbwa kutafuta swala bila kibali ni kosa, Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ipo toka 2009, na vijana wetu wanafungwa kwa hilo. Na Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya 2008 nayo ipo, hao wanaoshauri sumu na marungu wangeisoma kwanza.

Sasa ndugu yangu wa Makambako, narudi kwako. Kwanza mlipe jirani simbilisi wake tisa, usibishane nae, mpe na majike wawili zaidi kama una uwezo, maana hasira ya jirani ndo inaua mbwa wengi kuliko kosa lenyewe. Pili sitakudanganya, miezi minane umechelewa, mbwa wako hatakuja kuwa wa kulala na simbilisi kama Tausi na usimwamini peke yake nao hata siku moja. Lakini kuanzia leo mfunge usiku kwa mnyororo mrefu, mahali penye kivuli na maji, mchana atembee na wewe kwenye kamba mpaka achoke, jioni akishashiba anza na gunia, halafu tenga, mbali kabisa mwisho wa uwanja, mpaka ageuze kichwa akuangalie. Wa kwangu wa sasa ni mjukuu wa Tausi, dume, nilipewa na rafiki yangu akiwa tayari na miezi sita, na mpaka akageuza kichwa mara ya kwanza ilichukua siku kumi na saba, nilihesabu. Mpe hata mwezi. Kama bado hujamfanya kitu nakuomba sana mpe huo mwezi, halafu uandike tena hapa gazetini utuambie, mimi nitakuwa naangalia kila toleo.

Wenu,
Mzee wa mbwa, Mufindi